Kicheko Bora cha Mkoa

Katika nchi yetu hakuna mtu mwenye huzuni. Walikuwapo zamani, tusifiche, tena tele, lakini Serikali ililiona tatizo ikaliundia wizara. Jina la nchi sitalitaja, kwa sababu kulitaja kunahitaji kibali, na dirisha la vibali limefungwa kwa ukarabati tangu nikiwa shule ya msingi. Msomaji akidhani ameitambua, ni macho yake yanayomchongea. Mimi simo.

Kazi yangu ni Mshauri Nasaha Daraja la Pili, Zahanati ya Nafsi, Kata ya Mchongoma. Nimeisomea miaka minne, na miaka mitatu kati ya hiyo tulifundishwa jambo moja tu, kusikiliza. Namna ya kukaa. Namna ya kunyamaza. Namna ya kumwacha mtu alie mpaka machozi yaishe yenyewe, bila kumkimbilia na kitambaa kana kwamba amemwaga chai. Mwaka wa nne tukafanya mtihani, nikafaulu vizuri, na wiki moja baadaye kusikiliza kukapigwa marufuku.

Sababu tulielezwa na Waziri wa Utulivu wa Taifa mwenyewe, Mheshimiwa Dakta Mwinyikambi, katika hotuba ya saa tatu ambayo sisi washauri tuliruhusiwa kuisikiliza kwa kibali maalumu.

"Sikio la binadamu," alisema, "lina upendeleo! Mtu akilia, sikio linamhurumia. Huo ni utaalamu? Sikio limewahi kutoa takwimu? Limewahi kuchora grafu? Nauliza, na ninaomba nisijibiwe: limewahi?"

Hatukumjibu. Tulipiga makofi dakika kumi na moja, maana mwaka uliotangulia aliyekuwa wa kwanza kuacha kupiga alihamishiwa kituo ambacho bado hakijajengwa, na anatakiwa kuripoti kazini kila asubuhi.

Ndipo tukaletewa Jichopole. Ni programu inayowekwa kwenye simu janja ya kila raia aliye katika ushauri nasaha. Kazi yake ni kuitazama simu saa zote na kumpa mwenye simu alama kati ya sifuri na mia. Inahesabu umeamsha simu mara ngapi, umetembea nayo hatua ngapi, umempigia nani, umecheka mara ngapi katika mazungumzo, na kidole chako kinapobonyeza, kinabonyeza kwa matumaini au basi tu. Mtu anaweza kusema uongo, alitueleza Waziri, lakini simu haina sababu ya kudanganya. Ukipata sabini na zaidi, u mzima. Kati ya arobaini na sabini unaangaliwa. Chini ya arobaini unapelekwa Mapumzikoni, jumba kubwa jeupe juu ya kilima, ambako simu yako inafungiwa kwenye droo na wewe unapumzishwa mpaka utakapoacha kuuliza droo iko wapi.

Chumbani mwangu wakaondoa kiti cha mteja, wakaweka kijimeza chenye kitambaa cha kufuma, pa kulazia simu. Mteja mwenyewe husimama karibu na mlango, awe tayari chaji ikipungua. Mtu akija bila simu, kwa hesabu zetu hajafika, hata kama amekuangukia miguuni. Akituma simu bila yeye mwenyewe, amehudhuria vizuri sana. Nilizoea. Binadamu huzoea, tena akiwa na cheo huzoea upesi zaidi.

*

Mama Feruzi alikuja kwangu mwezi wa tatu, akiwa na alama arobaini na tatu. Alikuwa mshona sare za shule, mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye vidole vilivyotobolewa na sindano miaka mingi kiasi kwamba simu ilikuwa haivitambui vizuri. Niliilaza simu yake mezani, nikaisoma ripoti kwa sauti kama utaratibu unavyotaka.

"Simu imeamshwa mara mia tatu na kumi na mbili kwa siku, na kila ilipoamshwa haikutumiwa kwa lolote. Haikupiga. Haikuandika. Haikupiga picha ya chakula. Hatua za kutembea ni tisini, cherehani hadi mlangoni, mlangoni hadi cherehani. Inalazwa kifuani mwa mtu badala ya mezani. Hitimisho: simu imekata tamaa."

Nikamtazama kwa upole wa daraja la pili.

"Simu yako ina hali mbaya, mama."

"Simu ni nzima, baba. Mimi ndiye…"

"Tafadhali. Tusiingilie simu."

Aliendelea hivyo hivyo, na mimi nikasikia bila kusikiliza, jambo ambalo sheria haijalitamkia neno. Mwanawe wa pekee, Feruzi, alikuwa fundi wa feni na redio, kijana wa miaka ishirini na tatu. Katika mkutano wa hadhara alinyoosha mkono akauliza kwa nini Zahanati ya Nafsi ina washauri sita na haina choo hata kimoja. Lilikuwa swali fupi, tena lilitugusa sisi wenyewe, maana kila haja inapotubana tunavuka barabara mbio kwenda kujistiri msikitini. Kesho yake wakaja mabwana wawili wapole, wakamwalika.

Katika nchi yetu watu hawakamatwi, wanaalikwa. Kadi ya mwaliko huwa na saa ya kuondoka. Saa ya kurudi bado inafanyiwa utafiti.

Feruzi akiwa ndani ya gari alitoa kichwa dirishani akamwambia mama yake, "Mama, simu usiizime. Siku nikipata nafasi nitakupigia nikwambie nilipo."

Hilo ndilo jambo lenyewe. Sheria yetu ina huruma: mzazi anayejua jina la mahali aliko mwanawe ana haki ya kwenda kumwona kila tarehe mosi, na hata kuomba arudishwe nyumbani. Asiyelijua jina hawezi kusaidiwa, kwa kuwa jina la mahali ni siri. Mama Feruzi alikuwa ameulizia kila ofisi yenye mlango. Ofisi ya Wageni ilimwambia kwamba wao wanashughulika na mialiko tu, si waalikwa. Ilikuwa imepita miezi minane.

"Ndiyo maana naiangalia," akaniambia. "Nikiiweka mezani naogopa itaita nisisikie, cherehani ina kelele. Nikiilaza kifuani, hata ikitetemeka nitaamka. Sasa niambie, baba yangu. Mkinishusha chini ya arobaini mkaichukua hiyo simu, mwanangu atampigia nani?"

Niliumia. Naandika wazi hapa kwa sababu kwenye fomu hapakuwa na nafasi ya kuandika hivyo. Nilimwona jinsi alivyonaswa: akiitazama simu, alama zinashuka na simu inachukuliwa, asipoitazama, mwana anaweza kupiga yeye asijue. Mfumo ulikuwa umefikiriwa vizuri. Nami, badala ya kunyamaza kama nilivyofundishwa na walimu wangu, nikataka kusaidia.

"Mama," nikamwambia kwa sauti ya chini, "Jichopole haikujui wewe. Inaijua simu tu. Simu ikitembea, ikiongea, ikicheka, itapona. Si lazima iwe mkononi mwako."

"Nimpe nani simu ya mwanangu?"

"Majirani," nikasema.

*

Watu wa Mchongoma tuna sifa moja ambayo hata Serikali haijaweza kutuondolea: kwetu mgonjwa haachwi peke yake. Mtu akilala kitandani mtaa mzima unagawana zamu. Huyu analeta uji, yule anamgeuza ubavu, mwingine anakaa tu mlangoni akikohoa ili mgonjwa ajue kuna mtu. Basi nilipowaeleza majirani kwamba simu ya Mama Feruzi inaumwa, na kwamba isipopona itachukuliwa, hawakuuliza maswali. Walivua viatu wakaunda kamati siku hiyo hiyo.

Mwenyekiti alikuwa Bi. Tausi, jirani wa ukuta mmoja, mpika maandazi, mwanamke mnene wa mwili na wa moyo, mwenye kicheko cha kuwatimua kuku uani. Msaidizi wake alikuwa Mzee Kidevu, tarishi mstaafu wa ofisi iliyofutwa, ambaye bado alikuwa na miguu ya kazi lakini hakuwa na barua za kupeleka.

Mzee Kidevu akapewa zamu ya asubuhi. Siku ya kwanza aliitembeza simu hatua elfu thelathini, kutoka kituo cha maji hadi makaburini na kurudi, mara nne, mpaka Jichopole ikaandika kwamba simu inakimbia jambo fulani. Tukamwambia apunguze. Akawa anaketi nayo kwenye benchi la shule na kuionyesha watoto wakicheza. Mchana iliingia mikononi mwa Bi. Tausi, naye aliitumia kuwapigia majirani mmoja mmoja, wakipokea wakiwa hatua tatu tu kutoka alipokaa, wanachekeana kwenye simu huku wanatazamana. Ikifika jioni inalazwa kwenye kitanda chake yenyewe, na chandarua juu. Waliokuja kuijulia hali walileta machungwa. Waliozungumza kwa sauti waliombwa wanong'one.

"Tunamuuguza Mama Feruzi," watu walisema kwa fahari, na wengine walikonda kwa kazi hiyo.

Mama Feruzi mwenyewe alikuwa peke yake kwenye cherehani yake. Hakuna aliyekwenda kumtazama, kwa kuwa kila aliyekuwa na nafasi alikuwa na zamu. Siku moja nilipita dirishani kwake nikamwona ameacha kushona. Aliinua kiganja akakitazama, akakigeuza, akakitazama tena. Kilikuwa kitupu. Nikaandika moyoni kwamba nitamtembelea kesho, na kesho nikawa na semina.

Alikuwa ameweka sharti moja kwa kamati, na alilisema akiwa amewashika mikono.

"Ikiita namba msiyoijua, msiulize, msiseme neno. Kimbieni mniletee. Hata kama niko chooni, vunjeni mlango."

Walimheshimu. Mara mbili iliita namba ngeni, na mara zote mbili Mzee Kidevu alikimbia nayo mtaa mzima, ndala moja imebaki njiani. Ya kwanza alikuwa mtu anayetafuta muuza mbuzi. Ya pili ilikuwa Tume, inamkumbusha kwamba ameshapiga kura katika uchaguzi wa mwezi ujao na kumshukuru kwa chaguo lake. Kila mara Mama Feruzi aliirudisha simu kwa mikono miwili, akasema ahsante, akakaa. Alama zilifika arobaini na saba, hamsini na mbili, hamsini na nane.

*

Ukistaajabu ya Musa utayaona ya Firauni. Mwezi wa sita ukaja Waraka Namba Tisa.

Wizara ilitangaza Wiki ya Taifa ya Vicheko. Katika wiki hiyo, ulisema waraka, wakaguzi watapiga simu za wananchi kwa namba zisizojulikana, wakati wowote, bila kujitambulisha. Wanaweza kujifanya ndugu. Wanaweza kujifanya wana shida. Wanaweza hata kulia, kwa kuwa wamefundishwa. Simu yenye afya itawapokea kwa kicheko ndani ya sekunde tatu, na itaendelea kucheka hadi mkaguzi atakapokata mwenyewe. Simu itakayonyamaza, itakayouliza "nani mwenzangu" au itakayoonyesha wasiwasi itapunguziwa alama thelathini.

Hamsini na nane ukitoa thelathini unabaki na ishirini na nane. Kilima cha Mapumzikoni kinaonekana kutoka barazani kwa Bi. Tausi, na sote tuligeuka tukakitazama.

Waraka huo niliwasomea mimi. Nilipomaliza, Bi. Tausi alijifuta unga mikononi taratibu.

"Sekunde tatu," akasema. "Kutoka hapa hadi kwa mwenzangu, hata nikiruka ukuta, sifiki."

"Hufiki, Bi. Tausi."

"Na kama si mkaguzi, mwanangu? Kama ni yeye?"

"Miezi kumi na moja hajapiga," nikamjibu. "Aje achague wiki hii?"

Maneno hayo ni yangu. Hayamo katika waraka wowote, wala hakuna mkubwa aliyeniamuru niyaseme, na kama kuna siku nitaulizwa na Mwenyezi Mungu kuhusu kazi yangu ya ushauri, sitakuwa na pa kujificha. Mzee Kidevu aliuliza kama tumwambie Mama Feruzi kuhusu waraka. Tukaona hapana, ataichukua simu aishike mwenyewe, na yeye kucheka alishasahau. Tulimwonea huruma. Katika nchi yetu mambo mengi mabaya hufanywa na watu wanaomwonea mtu huruma, lakini siku ile sikulijua hilo.

Jumatano saa nane mchana, nikiwa ofisini, niliona mstari wa simu ya Mama Feruzi ukipanda ghafla. Namba isiyojulikana. Muda wa maongezi, sekunde arobaini na moja. Muda wa kusubiri kicheko, sekunde moja. Ubora wa kicheko, haujawahi kutokea. Alama zilitoka hamsini na nane zikafika tisini na sita mbele ya macho yangu. Niliinuka nikacheza kidogo, peke yangu, chumba kikiwa kimefungwa.

Jioni nilimkuta Bi. Tausi barazani amezungukwa na watu, sauti imemkauka.

"Wamepiga!" akaniambia. "Hawa watu ni waigizaji, wallahi. Wamejifanya mtoto wa mtu! Nami nimewachekea, nimewachekea, mpaka wamekata wenyewe."

Mama Feruzi alikuwa amesimama pale pale. Alikuwa amekwisha kuelezwa kwamba wakaguzi wamepiga na simu imepona, na kwamba sasa hakuna wa kuichukua. Alimshika Bi. Tausi mikono, akaibusu.

"Mungu akulipe, shoga yangu," akasema. "Sasa nitamngoja bila hofu."

*

Wiki mbili baadaye tuliitwa uwanjani. Jichopole, baada ya kupima vicheko laki nne, ilikuwa imeteua Kicheko Bora cha Mkoa, nacho kilikuwa chetu. Shule zilifungwa. Wafanyakazi walipewa ruhusa ya lazima. Simu ya Mama Feruzi iliwekwa jukwaani kwenye kiti cha mbele chenye utepe, na kando yake chupa ya maji. Mama Feruzi alipewa nafasi ya kusimama nyuma ya kiti, na watu wa itifaki walimwonya asiizibie simu mbele ya kamera.

Dakta Mwinyikambi akapanda jukwaani.

"Ndugu wananchi! Simu hii ilikuwa na arobaini na tatu. Leo ina tisini na sita! Nani bado anasema nchi hii ina watu wenye majonzi? Yuko wapi? Ajitokeze, aalikwe!"

Hakujitokeza mtu.

"Sasa," akasema, "tutawasikilizisha wenyewe. Mtakisikia kicheko kama kilivyonaswa na mitambo yetu. Na ninawaagiza, kwa mamlaka niliyopewa, mcheke nacho!"

Vipaza sauti vikakoroma, kisha kicheko cha Bi. Tausi kikamiminika uwanja mzima kama maharage yanayomwagwa kwenye sufuria. Kikapanda, kikashuka, kikapanda tena. Kilikuwa kicheko kizuri, sitaki kumnyima haki yake. Watu wakaanza kucheka, mwanzo kwa agizo, halafu kweli, kwa sababu kicheko huambukiza. Hata mimi nilicheka. Nilimwona Bi. Tausi katikati ya watu, ameinamisha kichwa kwa haya, anacheka na yeye.

Mama Feruzi alikuwa wima kama mtu aliyepigwa kofi.

Chini ya kicheko kulikuwa na sauti nyingine, nyembamba, kama ya mtu anayezungumza chumba cha pili. Mimi sikuwa nimeigundua. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na sauti ya mwana vilevile.

"Feruzi," akasema. Halafu akapaza sauti. "Ni Feruzi! Rudisheni! Jamani, nawaomba, rudisheni!"

"Mnaona?" Waziri akafurahi. "Anataka tena! Rudia, fundi!"

Fundi akarudia. Mama Feruzi akakimbilia kipaza sauti akabandika sikio lake pale, na uwanja ukacheka zaidi, maana ilionekana kama sehemu ya maonyesho. Akaomba mara ya tatu. Safari hii aligeuka akapiga magoti mbele ya watu wote, mikono juu.

"Nyamazeni! Nyamazeni kidogo tu! Anasema aliko! Anataja mahali, nyamazeni nisikie!"

Lakini hakuna aliyesikia maneno hayo kwa vicheko. Waliokuwa mbele waliona machozi yake, wakaelezana kwamba amecheka mpaka analia, na hilo likawachekesha upya. Nilijaribu kusema kitu. Nadhani nilisema, "Mheshimiwa." Kwenye ubao mkubwa wa jukwaani alama zilizidi kupanda, zikafika mia moja, ya kwanza katika historia ya taifa, na bendi ikaanza kupiga.

Pale katikati ya watu, Bi. Tausi alikuwa ameacha kucheka. Amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili.

*

Zahanati iliyotoa mshindi hupewa kinasa chenye rekodi nzima, ndani ya bahasha yenye muhuri, kwa ajili ya maktaba. Kuifungua ni kosa. Niliichana kwa meno.

Simu ilikuwa imebaki uwanjani inapigwa picha pamoja na Waziri, kwa hiyo kisheria Mama Feruzi hakuwa amefika kwangu. Nilifunga mlango. Nilimpa kiti changu, kwa kuwa cha mteja hakipo, nami nikakaa sakafuni. Bi. Tausi alisimama mlangoni, alikataa kukaa. Simu yangu mwenyewe niliitoa nje nikaifunika na ndoo.

Sekunde arobaini na moja. Kwanza mlio, kisha, kabla ya kicheko, neno moja, "Mama?" Kisha kicheko. Ndani ya kicheko, vipande. "…ni mimi, nisikilize, nimepewa nusu dakika…" Kicheko. "…wametuhamisha, tuko…" Kicheko, na hapo ndipo kilipokuwa kirefu kuliko pote, kile kilichoshinda mkoa mzima. "…waambie wewe ni mama yangu, watajie jina la hapa, watakuruhusu…" Kicheko.

Mama Feruzi alimgeukia jirani yake. Hakupaza sauti.

"Ilikuwa sikioni mwako, shoga. Alisema wapi?"

"Nilikuwa nacheka, Mama Feruzi."

"Najua. Alisema wapi?"

"Sikusikia," akasema Bi. Tausi. "Wallahi, nilikuwa nacheka. Sikusikia."

Mama Feruzi akaniambia nirudishe. Tuliirudisha mara nyingi. Tulitaja kila mji tunaoujua, kila kisiwa, kila shamba la zamani la Serikali, tukilinganisha jina na zile pumzi mbili za kicheko zilizolifunika. Kuna wakati tulidhani linaanza na Ki, kuna wakati tulidhani ni Ngo. Bi. Tausi alipigia magoti ile mashine ndogo akajaribu kukumbuka alikuwa anatazama nini wakati ule, labda kukumbuka hicho kungeleta na kile. Alikumbuka maandazi, kwamba yalikuwa yanaungua. Nilikuwa nasikiliza, baada ya miaka sita, na kazi yenyewe sikuwa nimeisahau, lakini hapakuwa na kitu kilichobaki cha kusikilizwa.

Ndipo tukafika mwisho kabisa wa rekodi, zile sekunde nne ambazo Wizara haikuzipiga uwanjani kwa sababu hazikuwa na kicheko. Humo ndani ya rekodi Bi. Tausi alikuwa amesita kuvuta pumzi. Sauti ya Feruzi ilitoka safi, karibu sana, kana kwamba yumo chumbani na sisi.

"Mama? Mbona unacheka?"

Halafu simu ikakatwa.

Mama Feruzi aliinamia kile kijimeza, akaweka mdomo karibu na mashine.

"Sicheki, mwanangu," akasema. "Sicheki. Niko hapa."

Nikairudisha nyuma sekunde nne, akamjibu tena.